Ulaya Haiendwi kwa Kuuza Friji

Mhariri aliponiomba niandike maoni yangu katika toleo hili alitazamia, nadhani, kwamba nitaandika habari za netiboli, maana mimi ni msichana na huo ndio mchezo wangu. Nimeona heri niandike juu ya mpira wa miguu wa wavulana, na hasa juu ya washambuliaji wetu wanaotafuta klabu Ulaya, kwa sababu jambo hili limeingia nyumbani kwetu na kutuachia hasara. Wala halikuingia kwetu peke yetu. Tangu lilipotupata nimesikia habari za nyumba tatu nyingine hapa Magomeni, mbili za Mapipa na moja ya Mwembechai, na katika zote wazee wamenyamaza kwa haya.

Mdogo wangu yu Kidato cha Tatu katika shule hii hii. Sitamtaja jina. Wanaomjua wanamjua, na wengine wamemwona akivaa namba 9 katika UMISSETA, akipokea mpira huku amewapa mgongo mabeki wawili, kisha akageuka nao kama mtu aliye peke yake kiwanjani. Simsifu kwa kuwa ni ndugu yangu. Mjomba, ambaye anauza viatu Kariakoo, na ambaye tangu nipate akili sijamsikia akimsifu mchezaji asiye wa Yanga, alimtazama siku moja mpaka kipenga cha mwisho, akasema, "Huyu mtoto ana macho nyuma ya kichwa."

Baada ya mashindano alikuja nyumbani bwana mmoja mwenye shati jeupe na simu mbili. Alimwamkia Mama kwa adabu sana, akakaa barazani, akanywa maji, akasema kuwa yeye ni wakala wa wachezaji, na kwamba iko klabu huko Ubelgiji inatafuta mshambuliaji kijana. Alituonyesha picha zake akiwa pamoja na wachezaji ambao sote twawajua. (Baadaye nilikumbuka kwamba hata mimi ninayo picha ya namna hiyo, niliyopiga nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, wala yule mchezaji hanijui.) Siku ya tatu ikaja barua katika simu ya Mama. Tuliipeleka steshenari tukaichapisha. Ilikuwa na nembo ya klabu na muhuri mwekundu, nayo ilisema kwamba mdogo wangu anaalikwa kwa majaribio ya wiki 3, na akifaulu atatia sahihi mkataba wa miaka 3 mara moja. Kwetu zilitakiwa Sh. 900,000 za kuandikisha jina, na baadaye Sh. 2,600,000 za viza na tiketi.

Mama huuza barafu za ubuyu na za ukwaju, na maji baridi. Akauza friji. Fedha iliyopungua akaikopa katika kikoba chao. Yule bwana alipewa Sh. 900,000 taslimu, wala hakuandika stakabadhi.

Wasomaji wapenzi, msimcheke Mama. Mtu akaaye Magomeni huiona Ulaya kila siku mbele ya macho yake. Bajaji zimeandikwa majina ya klabu za Uingereza, na jioni ya Jumamosi vibanda umiza hujaa mpaka watu wakasimama nje kuchungulia. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi mwezi wa Januari 2020, siku habari zilipofika kwamba Mbwana Samatta wa Mbagala amejiunga na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi mwaka huo alipowafunga Manchester City kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi, pale Wembley, mtaa wetu ulipiga kelele kama kwamba tumefungua mwaka. Villa walishindwa 2 kwa 1, lakini nani alikumbuka hilo? Mama naye alikuwako akipiga vigelegele. Basi mtu akija barazani kwake akamwambia kwamba mwanawe wa kumzaa aweza kufika huko, atamwambia nini?

Nataka sasa niseme jambo ambalo kelele zile zilitufanya tusilione. Samatta hakutoka Mbagala akaingia Ulaya. Alicheza African Lyon, kisha Simba pale Msimbazi, na mwaka 2011 akaenda Lubumbashi katika Kongo kuchezea TP Mazembe. Huko alikaa karibu miaka 5. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa Ubingwa wa Klabu Bingwa Afrika, naye akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano hayo. Mwezi wa Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wale wachezao ndani ya bara hili. Hapo ndipo Genk ya Ubelgiji ikamchukua, naye ana miaka 23. Hakuuza kitu cha mtu. Klabu ililipa klabu, naye akapanda ndege.

Wapo watakaoniambia kwamba hizo ni habari za zamani, na kwamba siku hizi Ulaya inataka watoto, akifika miaka 20 ameshachelewa. Mjomba alinijibu hivyo hivyo. Basi tumtazame aliye kijana zaidi. Kelvin John alizaliwa mwaka 2003, akacheza katika Serengeti Boys iliyokuwa na mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 hapa hapa Dar es Salaam, Aprili 2019. Hiyo ndiyo timu iliyofungwa na Nigeria 5 kwa 4 katika mechi ya kwanza, mechi ambayo watu wa Temeke hawajaacha kuisimulia. Watu walikuwa wamekwisha kumpa jina la Mbappe. Baada ya hapo alikwenda Uingereza. Lakini alikwenda wapi? Shuleni! Alikwenda Brooke House College, katika mji wa Market Harborough, chuo chenye masomo na mafunzo ya mpira pamoja. Mkataba wa Genk aliutia sahihi Juni 2021, mwezi ule ule alipotimiza miaka 18.

Miaka 18 si bahati ya siku yake ya kuzaliwa. Ni sheria. Kanuni za FIFA juu ya uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, husema kwamba mchezaji asihamishwe kutoka nchi moja kwenda nyingine mpaka atimize miaka 18. Iko milango midogo michache. Mmoja ni wa kijana ambaye wazazi wake wamehamia nchi nyingine kwa sababu isiyohusu mpira. Mwingine ni wa kijana mwenye miaka 16 au zaidi anayehama ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya. Wapo pia wakaao karibu sana na mpaka, na wakimbizi, na wanafunzi wa kubadilishana masomo kwa muda. Kijana wa Kidato cha Tatu wa Magomeni, ambaye mama yake anauza barafu Magomeni, haingii katika hata mlango mmoja kwa ajili ya mkataba wa klabu.

Mtu asidhani kwamba sheria hii imetungwa kuwaonea Waafrika. Wamarekani, ambao fedha wanazo na viza hupata bila taabu kama yetu, nao huisubiri. Josh Sargent, mshambuliaji wa Missouri, alikubaliana na Werder Bremen ya Ujerumani, lakini hakuweza kutia sahihi mpaka siku alipotimiza miaka 18, Februari 2018. Mwenzake Christian Pulisic aliwahi kuingia Borussia Dortmund akiwa na miaka 16, na sababu yake ni babu: babu yake alizaliwa Kroatia, kijana akapata pasi ya huko, akahesabiwa kuwa mtu wa Umoja wa Ulaya. Hata klabu kubwa huadhibiwa. Barcelona walikutwa na hatia ya kuandikisha watoto kinyume cha kanuni, na FIFA ikawazuia kuandikisha wachezaji wapya mwaka 2015. Ikiwa Barcelona waliadhibiwa, hiyo klabu ya barua yetu ingempaje mkataba mtoto wa miaka 16?

Hilo ndilo lililotufumbua macho, na lilitokea kwa bahati tu. Mama alitaka kujua tarehe ya safari ili ajue fedha ya pili itakiwe lini, nayo barua ilikuwa katika Kiingereza. Nikaileta shuleni kwa Mwalimu wetu wa Kiingereza. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Akakaa, akaisoma tena. Aliniuliza jambo moja tu: "Mdogo wako ana miaka mingapi?" Nikasema 16. Akaniambia nilete kiti.

Kwanza alinionyesha makosa ya Kiingereza, ambayo hata mimi ningaliyaona kama nisingalikuwa nimetiwa kiwi na ule muhuri. Kisha akanionyesha anwani iliyoandikiwa barua, ambayo ni anwani ya bure ya mtandao kama yangu na yako, haina jina la klabu ndani yake. Kisha akatafuta katika simu yake orodha ya mawakala. Tangu Oktoba 2023 mtu hawezi kufanya kazi ya wakala wa mchezaji katika uhamisho wa kimataifa bila leseni ya FIFA, na leseni hupatikana kwa mtihani, na majina ya wenye leseni yamewekwa wazi mtu yeyote ayaone. Tuliandika jina la yule bwana kwa kila namna tuliyoweza kulifikiri. Halikuwamo. Kanuni hizo pia husema kwamba wakala asimwendee mtoto bila kibali cha maandishi cha mzazi, na hata hivyo si zaidi ya miezi 6 kabla ya umri wa kutia sahihi mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi anayokwenda.

Yote hayo yalichukua, sidhani kama ni zaidi ya nusu saa. Friji ilikuwa imekwisha kuuzwa siku 19 nyuma.

Tulimpigia yule bwana. Simu ya kwanza alipokea, akasema yuko uwanja wa ndege. Tangu hapo namba zote mbili hazipatikani. Mama alikwenda kituo cha polisi kuandikisha habari, nayo imeandikishwa, na mpaka leo tunangoja.

Lakini hasara niliyotaka kuisema si ya fedha peke yake. Mdogo wangu alinikasirikia mimi. Wiki nne hakusema nami ila ya lazima. Alisema, "Dada, umenizibia." Alidhani kwamba kama tungalilipa ile Sh. 2,600,000 angalikwenda, na kwamba mimi na Mwalimu tumemwonea wivu yule bwana kwa kuwa sisi hatukumpata. Nilipomwonyesha kifungu cha 19 alisema kwamba sheria ni za watu wasio na bahati. Sikuweza kumjibu. Mtoto amesifiwa na shule nzima kwa mabao yake, amebebwa mabegani, amepewa soda na Mkuu wa Shule mbele ya watu wote, na katika sifa zote hizo hakuna aliyemwambia hata neno moja juu ya njia anayotaka kupita.

Hapa naomba radhi kwa walimu wangu, lakini maoni ni maoni. Shule imefurahi kulipata kombe kwa miguu ya mdogo wangu. Je, shule imempa nini cha kushika? Twafundishwa kuandika barua ya kuomba kazi na kuandika hotuba, na ni vyema. Mkataba hatujafundishwa kuusoma. Mchezaji anayetafuta klabu ana karatasi nyingi kuliko karani. Nadhani kipindi kimoja tu kwa muhula, mwalimu wa Kiingereza akikaa na timu nzima wakasoma mkataba wa mfano, ungeanza lini na kwisha lini, nani analipa matibabu mtu akivunjika mguu, klabu yaweza kumwacha kwa sababu gani, kingetosha kuokoa mafriji kadhaa.

Na jambo la umri, maana nalo lilikuwako. Yule bwana alimnong'oneza Mama kwamba cheti cha kuzaliwa kingerekebishwa kidogo, mtoto apunguzwe miaka 2, "ili bei ipande". Namshukuru Mungu hakikuguswa. Hebu fikirini ujinga wake: mtoto wa miaka 16 amebakiza miaka 2 kufikia umri halali wa kuhama. Mkimfanya wa miaka 14 mmemwongezea kungoja, awe na 4! Kupunguza umri kumetuaibisha kama taifa. Mwaka 2005 Serengeti Boys waliondolewa katika mashindano ya Afrika kwa sababu ya umri wa mchezaji, na mwaka 2017 wao wenyewe wakapata nafasi kwa kuwa Kongo Brazzaville waliondolewa kwa jambo la namna hiyo hiyo. Siku hizi mkono hupigwa picha kwa mashine, na mfupa hauna mjomba wa kumpa kitu kidogo.

Liko jambo jingine ambalo sikulijua mpaka Mwalimu aliponieleza, na nadhani wazazi wengi hawalijui. Klabu ikimnunua mchezaji aliye katika mkataba kutoka nchi nyingine, sehemu 5 katika kila 100 za bei hiyo hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 mpaka 15 klabu hupata robo ya sehemu moja katika 100, na kwa kila msimu wa 16 mpaka 23 hupata nusu. Maana yake ni kwamba mchezaji akiuzwa kwa euro 1,000,000, klabu ndogo iliyomlea msimu mmoja akiwa na miaka 13 yapaswa kupata euro 2,500. Fedha hiyo ingenunua jezi na mipira ya timu nzima ya mtaa kwa miaka. Lakini hupewa klabu iliyo mwanachama wa chama cha mpira na iliyomwandikisha mtoto kwa kadi. Mdogo wangu amecheza mitaani tangu akiwa na miaka 8. Amechezea timu 4 za hapa Magomeni. Hakuna karatasi hata moja inayoonyesha hivyo. Kwa vitabu vya mpira, mdogo wangu hajazaliwa.

Kwa hiyo naona shule, pamoja na wazee wa timu za kata, waende kwa chama cha mpira cha Kinondoni wakawaandikishe vijana hawa kwa majina na tarehe zao za kweli. Si kazi ya fedha nyingi. Klabu ya kweli ikimtaka mchezaji humtafuta kwa njia ya klabu yake na chama chake, nazo karatasi hupita katika TFF, haziji barazani kwa shati jeupe.

Huenda mtu akaniuliza kama nataka mdogo wangu abaki Magomeni. Sitaki. Nataka aende, na akienda nataka ajue kwamba kutafuta klabu si kazi ya mara moja. Hili nalo picha za bajaji hazituonyeshi. Samatta alipofunga pale Wembley Machi 2020, tulidhani amefika. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Villa walikuwa wamemnunua Ollie Watkins, na Samatta amekwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Mwaka 2021 akaenda Antwerp kwa mkopo, 2022 akarudi Genk kwa mkopo, 2023 akaenda PAOK ya Ugiriki wakatwaa ubingwa wa ligi msimu ule, na Agosti 2025 akajiunga na Le Havre ya Ufaransa, akiwa na miaka 32. Hesabuni wenyewe: tangu Villa ni klabu 5 katika miaka isiyotimia 6. Kila mara mji mpya, lugha mpya, kocha mpya anayemtazama kama mgeni. Na huyu ndiye aliyefanikiwa kuliko wote! Ni huyu aliyewafunga Liverpool kwao Anfield mwaka 2019 akiwa na Genk, na aliyekuwa bingwa wa Ubelgiji mwaka huo huo akiwa amefunga mabao zaidi ya 20 katika ligi.

Kelvin John naye, baada ya kungoja vyema na kuingia kwa mlango wa haki, hakupewa nafasi nyingi katika kikosi cha kwanza cha Genk. Alicheza zaidi na vijana wao, Jong Genk. Mwaka 2024 ilimbidi atafute klabu nyingine, akaenda Aalborg ya Denmark, na mwaka uliofuata klabu hiyo ikateremka daraja. Kijana wa miaka 21 au 22, baridi ya Denmark, timu imeshuka. Sijui kama mitaani kuna anayemwombea dua kwa hayo. Sisi huwa twauliza tu, "Mbona siku hizi hasikiki?"

Hata wale wa zamani walipita njia hiyo. Mjomba hupenda kumsimulia Sunday Manara, ambaye watu walimwita Kompyuta, aliyetoka Yanga akaenda kuchezea Heracles ya Almelo katika Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kila nikipita Jangwani na Twiga, penye nyumba ya Yanga, namkumbuka kwa sababu ya Mjomba. Nilimwuliza Mjomba: je, Manara alipokwenda Uholanzi alikuwa mtoto wa Kidato cha Tatu? Mjomba akasema, "Ah! Alikuwa mtu mzima, tena Yanga yote ilimjua." Akanyamaza. Nadhani alikuwa amelisikia jibu lake mwenyewe, maana yeye ndiye aliyekuwa amemchangia Mama Sh. 150,000.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu aliniletea karatasi bila kusema neno, akaiweka juu ya daftari langu la Kemia. Ilikuwa fomu ya kuandikishwa katika timu moja ya kata, ya ligi ya wilaya. Nilidhani anataka nimjazie. Alisema anataka tuisome pamoja, mstari kwa mstari, na kwamba pale penye tarehe ya kuzaliwa ataandika mwenyewe. Tulikaa nayo mpaka adhana ya Magharibi. Kilichotushinda ni kifungu kimoja juu ya ruhusa ya kuondoka katikati ya msimu, na hicho nimekileta kwa Mwalimu leo. Mama wakati huo alikuwa jirani, ananunua barafu za kuuza kutoka friji ya mtu mwingine, Sh. 100 moja, ambazo zamani yeye ndiye aliyekuwa akizitengeneza.